Rangi na Resini Zilizogandia Sakafu ya Saruji

Sakafu ya saruji huonekana kama kitu kilichoziba, lakini haijaziba. Maji yanayochanganywa na saruji hayatumiki yote katika kuigandisha. Yanayobaki hukauka taratibu na kuacha vitundu vidogo mno vinavyoungana kutoka juu hadi ndani. Rangi inapomwagika, huingia humo. Kwa hiyo kila mmwagiko una sehemu mbili: gamba lililokaa juu, ambalo kila mtu huliona, na doa lililozama chini ya uso wa sakafu kwa sehemu ya milimita au hata milimita mbili tatu, ambalo hubaki baada ya gamba kubanduliwa. Gamba huondoka kwa chuma na nguvu za mikono. Doa lililozama huhitaji dawa na subira. Sakafu nyingi huharibiwa kwa sababu tindo lilitumika pale palipohitaji dawa, au dawa ilimwagwa juu ya kitu ambacho hakuna dawa inayoweza kukiyeyusha.

Aina ya sakafu nayo ina uzito wake. Nyumba nyingi za Tanzania na Kenya zina zege chini, plasta juu yake, kisha niru iliyosuguliwa kwa mwiko wa chuma mpaka ikang'aa. Niru iliyosuguliwa vizuri ina vitundu vichache, na rangi hukaa juu yake muda mrefu kabla ya kuzama. Udhaifu wake ni wembamba: ikikwaruzwa, alama haifichiki, na ikitoboka, plasta ya chini huonekana. Zege la uani, la gereji au la karakana ni kinyume chake. Hunywa rangi haraka, lakini huvumilia kusagwa na kusuguliwa bila kubadilika sana.

Kabla ya kushika chombo chochote ni lazima kujua kilichomwagika ni kitu gani na kiligandaje. Rangi ya maji, ile ya kupaka kuta, ina chembe ndogo za plastiki laini zilizotawanyika majini. Maji yanapokauka, chembe hizo husogeleana na kushikamana kuwa utando. Utando huo hauyeyuki tena kwa maji matupu, lakini spiriti au asetoni huulainisha. Rangi ya mafuta hukauka kwa njia nyingine: tapentaini iliyomo hupaa kwanza, halafu mafuta yaliyobaki huvuta oksijeni ya hewani na kuungana yenyewe kwa yenyewe, kazi inayoendelea kwa wiki na miezi. Ndiyo maana tone la rangi ya mafuta la juzi hutoka kirahisi, na la mwaka jana hukataa.

Resini za makopo mawili, kama epoksi, hazikauki kabisa kwa maana ya kitu kupaa hewani. Resini ikichanganywa na kigumishi chake, ambacho mafundi hukiita hadna, molekuli zake hushikana pande zote mpaka kipande kizima kinakuwa wavu mmoja. Joto huzaliwa katika mchanganyiko huo. Resini nyingi ikiachwa ndani ya ndoo inaweza kuchemka na kutoa moshi. Epoksi ilivumbuliwa miaka ya 1930 na 1940 na wanakemia wawili waliofanya kazi kila mmoja kivyake, Pierre Castan wa Uswisi na Sylvan Greenlee wa Marekani. Mwaka 1946 ilianza kuuzwa kama gundi kwa jina la Araldite, jina ambalo mafundi wa Afrika Mashariki bado hulitaja dukani. Tangu mwanzo ilikusudiwa isiachie. Polyesta, resini inayotumiwa na waundaji wa boti za faiba, nayo hugandishwa kwa kichocheo kidogo tu, asilimia moja hadi mbili hivi, na hushika ndani ya dakika chache.

Jaribio la kutambua ni rahisi. Kitambaa cheupe hulowanishwa spiriti na kusuguliwa juu ya doa kwa dakika moja. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, ni rangi ya maji. Ikiwa haikuhama, jaribio hurudiwa kwa thina; rangi za kupulizia magari na vanishi za zamani hulainika hapo na kuwa nata. Kitu kisichojali spiriti wala thina, na ambacho ukucha hauwezi kukikwaruza, karibu hakika ni rangi kuukuu ya mafuta au resini ya makopo mawili. Harufu kali ya kiwanda cha boti inayotoka gamba linapokwanguliwa huonyesha polyesta.

Mmwagiko mbichi ni jambo la dakika. Kosa la kawaida ni kuupiga deki, kwa sababu deki husambaza rangi na kuisukuma ndani ya vitundu. Jambo la kwanza ni kuuzingira kwa mchanga mkavu au unga wa mbao kuanzia pembeni kuelekea katikati, kuuacha unyonye, kisha kuuzoa kwa koleo. Ndoo nzima ya lita 20 ikipinduka, koleo na kipande cha ubao hufanya kazi kubwa kuliko maji mengi. Baada ya hapo rangi ya maji huoshwa kwa maji, sabuni na brashi ngumu kabla haijakauka, na ya mafuta hufutwa kwa kitambaa chenye tapentaini. Resini mbichi hukwanguliwa na kufutwa kwa asetoni huku mikono ikiwa ndani ya glavu. Epoksi ambayo haijaganda huweza kuamsha mzio wa ngozi, na mzio huo ukishaanza hudumu maisha; fundi aliyeupata mara nyingi hulazimika kuacha kazi hiyo kabisa. Vivyo hivyo kwa resini iliyobaki nata siku nyingi kwa sababu kipimo cha hadna kilikosewa. Haitaganda kwa kusubiriwa, basi ichukuliwe kama mbichi.

Petroli haifai kwa kazi hii hata mara moja. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni bila kuonekana, na huweza kufika kwenye jiko la mkaa la chumba cha pili. Thina na asetoni nazo huwaka kwa urahisi, kwa hiyo madirisha na milango hufunguliwa, na moto wote uliomo ndani huzimwa kwanza.

Rangi ya maji iliyokauka si adui mgumu. Gamba hulowekwa kwa maji ya moto na sabuni, likaachwa lilainike, kisha likakwanguliwa kwa skrepa iliyolazwa karibu sambamba na sakafu. Skrepa iliyosimamishwa huchimba, iliyolazwa hubandua. Mabaki hufutwa kwa spiriti. Uani, mashine ya kuoshea kwa presha huondoa gamba na sehemu ya doa pamoja, mradi mdomo wake utawanye maji kama upepeo na ukae umbali wa kama sentimita 30. Mdomo unaotoa maji kwa mstari mmoja mwembamba hukata saruji na kuacha mifereji ambayo haitaondoka tena. Juu ya niru, mashine hiyo isitumike.

Rangi ya mafuta iliyozeeka huchokozwa kwa kostiki soda. Alkali kali hugeuza mafuta ya rangi kuwa sabuni, na sabuni huoshwa kwa maji. Saruji yenyewe ina alkali nyingi, kwa hiyo dawa hii huisumbua kidogo kuliko asidi. Hatari iko kwa binadamu: tone moja jichoni linaweza kupofusha. Soda hutiwa ndani ya maji kidogo kidogo, kamwe si maji juu ya soda, kwa sababu mchanganyiko huchemka ghafla na kuruka. Chombo kiwe cha plastiki ngumu, kisiwe sufuria ya alumini, kwani soda huila alumini na kutoa gesi ya hidrojeni inayowaka. Soda iliyoyeyushwa ikichanganywa na unga wa ngano kidogo hupata uzito na kukaa mahali pake badala ya kutiririka. Baada ya saa moja au mbili rangi hukunjamana na kukwanguliwa. Sakafu huoshwa mara kadhaa, na kama itapakwa rangi mpya, hupanguswa kwa siki iliyozimuliwa na kuoshwa tena, maana mabaki ya soda yatabandua rangi mpya kama yalivyobandua ya zamani.

Kwa miaka mingi dawa iliyosifiwa kuliko zote katika kubandua rangi ilikuwa dikloromethani, kiyeyushi kinachochemka kwa nyuzi 40 tu za Selsiasi. Hufanya kazi kwa dakika chache, hata juu ya epoksi, ambayo huivimbisha mpaka ikaachia. Lakini mvuke wake hulevya upesi, na ndani ya mwili hugeuka kuwa kaboni monoksidi, sumu ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2009 kuizuia katika dawa za kubandua rangi zinazouzwa kwa watu wa kawaida. Marekani iliiondoa katika bidhaa hizo mwaka 2019, na mwaka 2024 ikazuia matumizi yake mengine mengi. Makopo yenye jina hilo bado huonekana katika maduka ya vifaa sehemu nyingi duniani, na hakuna sakafu inayostahili kulipiwa kwa pumzi ya mtu ndani ya chumba kilichofungwa. Dawa zilizochukua nafasi yake, nyingi zikiwa na alkoholi ya benzili, ni za polepole: hupakwa nene, hufunikwa kwa nailoni, na kuachwa usiku kucha. Upole huo ni faida, maana dawa hupata muda wa kushuka ndani ya vitundu.

Gamba likishaondoka, hubaki kivuli cha rangi ndani ya saruji, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa au huchukua grinda. Ipo njia ya tatu, inayotumiwa na wasafishaji wa mawe ya majengo ya kale: tope la kufyonza. Unga mweupe usio na rangi ya kuambukiza, kama chaki iliyosagwa au kaolini, ule udongo mweupe unaopatikana katika vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam, huchanganywa na kiyeyushi kilichofaulu katika jaribio la kitambaa mpaka uwe mzito kama siagi. Tope hilo hukandikwa juu ya doa kwa unene wa karibu sentimita moja, likivuka kingo zake kidogo, kisha hufunikwa kwa nailoni iliyobanwa pembeni kwa utepe. Kwa muda wa siku nzima kiyeyushi hushuka ndani na kulegeza rangi. Nailoni ikiondolewa, kiyeyushi huanza kupaa kupitia kwenye tope, kikipanda na rangi iliyolegea. Kwa hiyo ni kule kukauka kunakofyonza. Anayefuta tope likiwa bado bichi hutupa kazi yake yote. Doa kuukuu linaweza kuhitaji kukandikwa mara mbili au tatu, na kila mara hufifia. Njia hii hutoa rangi iliyozama bila kuondoa saruji yenyewe, na inasikitisha kwamba hujulikana na mafundi wachache.

Resini iliyoganda huhitaji fikra tofauti. Wavu wa epoksi hauyeyuki katika thina, asetoni, kostiki soda wala asidi ya kawaida ya dukani. Ukiacha dawa za kubandua kama dikloromethani, kilichobaki ni joto, ubaridi na chuma. Epoksi nyingi zilizogandia katika hali ya hewa ya kawaida hulegea zikipata nyuzi 50 hadi 70 za Selsiasi, zikawa kama raba ngumu. Sakafu ya uani iliyochomwa na jua la saa nane mchana inaweza kukaribia joto hilo bila msaada wowote, na muda huo skrepa hufanya kazi ambayo asubuhi ilishindikana. Ndani ya nyumba hutumika mashine ya kupuliza hewa ya moto, ikizungushwa bila kusimama mahali pamoja, na skrepa ikifuata nyuma. Gamba likianza kubadilika rangi au kutoa moshi, joto limezidi, na moshi huo ni sumu. Moto wa gesi haufai kabisa. Maji yaliyomo ndani ya vitundu vya saruji hugeuka mvuke ghafla, hukosa pa kutokea, na kurusha vipande vya sakafu usoni mwa aliyeinama.

Ubaridi nao una nafasi yake kwa matone mazito. Barafu iliyofungwa kwenye mfuko na kuachwa juu ya tone hulifanya liwe kavu na la kuvunjika, na pigo fupi la tindo ubavuni hulirusha zima. Polyesta hutoka kwa njia hii vizuri kuliko epoksi. Inapoganda hujikunja kwa asilimia kadhaa ya ujazo wake, kingo zake huinuka, na alkali ya saruji yenye unyevu huidhoofisha upande wa chini. Katika karakana za boti, gamba la zamani la polyesta mara nyingi huwa tayari limeachia sehemu fulani. Kugongagonga kwa nyundo ndogo hutoa mlio wa uvungu pale lilipoachia, na hapo ndipo pa kuanzia.

Swali la kama epoksi itatoka na sakafu au bila sakafu hujibiwa na nguvu ya zege. Zege la kawaida la nyumba hubeba mgandamizo wa newtoni 20 hadi 25 kwa kila milimita ya mraba, lakini likivutwa hukatika kwa takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu hiyo. Epoksi iliyoshika vizuri ina nguvu kubwa zaidi. Basi ikibanduliwa kwa nguvu, kinachokatika ni zege: kipande cha resini huinuka kikiwa na kokoto na mchanga chini yake. Juu ya niru hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa niru yote huambuka. Wenye bahati ni wale ambao sakafu yao ilikuwa na vumbi, mafuta au unyevu siku ya mmwagiko. Uchafu uleule unaochukiwa na mpaka rangi huizuia resini kushika, na gamba hutoka lote kwa skrepa.

Epoksi ikiwa imeshika, chombo cha mwisho ni grinda yenye diski ya almasi. Gamba husagwa kwa mizunguko mipana mpaka saruji ianze kuonekana, kisha kingo husagwa taratibu ili pasiwe na shimo la ghafla. Hatari kubwa ya kazi hii haionekani kwa macho. Mchanga uliomo ndani ya zege ni silika, na vumbi lake laini hupita pua na koo likakaa kwenye mapafu daima. Huleta ugonjwa wa silikosisi, usio na tiba, na mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiorodhesha silika ya namna hiyo miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Sheria ya kazi ya Marekani ya mwaka 2016 huruhusu mikrogramu 50 tu za vumbi hilo katika mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa siku ya kazi ya saa nane, na grinda kavu ndani ya chumba hupita kiwango hicho upesi. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Hutakiwa barakoa ya N95 au FFP2, iliyokaza vizuri usoni, na diski inayozungukia majini au iliyofungwa mashine ya kunyonya vumbi. Grinda ya umeme ambayo haikutengenezwa kwa kazi ya maji isimwagiwe maji. Watoto na majirani huwekwa mbali, na vumbi lililotua hufutwa kwa kitambaa chenye maji, halifagiliwi.

Rangi za mafuta za zamani huongeza hatari ya pili, yaani madini ya risasi, ambayo yalitiwa humo ili zikauke haraka na kung'ara, hasa nyekundu, njano na kijani. Kiwango kinachopendekezwa leo na mashirika ya Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 kwa milioni, wakati rangi nyingi za miongo iliyopita zilikuwa na maelfu. Risasi huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Rangi inayoshukiwa haisagwi ikiwa kavu wala haichomwi. Hulowekwa, hukwanguliwa ikiwa na maji, na maganda yake yote hukusanywa.

Dawa inayopendekezwa mara kwa mara mitaani, na iliyo mbaya kuliko zote, ni asidi ya kusafishia vyoo na vigae. Ikimwagwa juu ya doa hutoa povu, na povu humfanya mtazamaji aamini kwamba rangi inaondoka. Kinachochemka ni saruji yenyewe. Asidi hiyo haina habari na resini wala na rangi ya mafuta. Hula chokaa iliyo pembeni na chini, ikaacha sakafu yenye mashimo na doa likiwa palepale, sasa likiwa juu ya kichuguu. Kloridi yake huzama na kuzifikia nondo, ambako huanzisha kutu. Ikikutana na dawa ya kufulia yenye klorini hutoa gesi ya sumu iliyokwisha kudhuru watu wengi katika vyoo vyao wenyewe.

Maganda, mchanga ulionyonya rangi, tope la kufyonza na vitambaa havimwagwi mtaroni. Vitambaa vyenye rangi ya mafuta hutandazwa nje mpaka vikauke, kwa sababu vikirundikwa hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Resini iliyobaki kwenye makopo mawili huchanganywa na kumwagwa nyembamba juu ya nailoni, igande bila kuchemka. Ikishaganda ni taka ngumu tu.

Pale saruji ilipobanduka hujazwa. Shimo husafishwa vumbi na kulowanishwa. Kisha hupakwa uji wa saruji kwa brashi, na plasta hufuata kabla uji huo haujakauka. Mchanga na saruji viwe vya aina ileile iliyotumika awali kadiri inavyowezekana, na sakafu zenye oksaidi nyekundu huhitaji kujaribiwa kwanza kwenye kipande cha ubao, maana rangi ya niru mbichi ni nzito kuliko itakavyokuwa ikikauka. Kiraka hufunikwa gunia lililolowa na kumwagiliwa kwa siku saba. Kikiwa bado kinatofautiana na sakafu baada ya mwezi mmoja, njia iliyobaki ni kupaka chumba chote rangi ya sakafu, baada ya kuhakikisha kwamba unyevu umetoka. Kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita hubandikwa kwa utepe pande zote nne usiku kucha. Asubuhi matone ya maji yakionekana chini yake, au saruji ikiwa imekuwa nyeusi, sakafu haijawa tayari kupakwa.